Taazia ya Riziki wa Msambweni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute ukiwa na afya, na mgongo umepata nafuu baada ya mavuno ya mwani. Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi, lakini moyo ni mzito. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu nitaishia kulia tu.

Nilikwambia habari za Riziki, binti wa Msambweni ninayefanya naye utafiti. Yeye huko, mimi huku Japani, wenzetu wengine Ufilipino, sote tukichunguza ule ugonjwa unaougeuza mwani wenu kuwa mweupe hadi uoze. Vyuo vyetu vimeunganishwa kwa mtandao wa kasi sana. Riziki akiweka kipande cha mwani kwenye hadubini, sote tulikiona papo hapo kwenye skrini ukutani, tukabishana kana kwamba tumeketi meza moja. Hata adhana ya kwao tuliisikia, na mwalimu wetu Mjapani alikwishazoea kunyamaza mpaka imalizike.

Juma lililopita tulifungua kikao, tukamkuta kaka yake Riziki amekaa kitini pake.

"Samahanini," akasema. "Riziki ametutoka. Alishikwa na homa ya ghafla. Tumemzika jana."

Alisema kwa Kiswahili, kwa hiyo ikawa ni mimi wa kuwaambia wengine. Nikamgeukia mwalimu. Mwalimu alinitazama usoni, akaelewa, akainamisha kichwa.

Kisha yule kaka akaniuliza, "Wewe ndiwe Mwanamisi? Alikuwa akikutaja sana. Mama anauliza, je, rafiki zake watakuja?"

"Mama yangu atakuja," nikamjibu.

Nisamehe kwa kuahidi kwa niaba yako bila kukuuliza. Nilikuwa nikimwona Riziki kila juma, tukicheka na kununiana, wala sijapata kumshika mkono. Nakuomba uende Msambweni, ukamshike mkono mama yake. Habari za mitambo usimchoshe nazo. Mwambie binti yake alikuwa hodari, tena mcheshi, na huku ugenini wapo watu waliomlilia. Kisha kaa naye, mama, kama vile ungependa mtu akae nawe lau ningekuwa ni mimi.

Nisalimie baba, shangazi Mwanasha mwenzio wa shambani kwenye mwani, na kaka Juma akirudi kutoka Lunga Lunga. Wote waambie wamwombee Riziki.

Mungu akufikishe salama.

Mwanao akupendaye,
Mwanamisi