Niung'ate Mkate Ilhali Najua Sirudi?

Mpendwa Mshauri Mavjuda, naomba msaada wako na naomba haraka, maana leo ni Ijumaa na Alhamisi ijayo nasafiri, na wiki nzima hii silali vizuri wala chakula hakipiti, nashika hiki naacha, nafunga begi nafungua, wanafunzi wananiuliza mwalimu una nini, nami nawaambia ni mafua.

Mimi ni mgeni, mwanamke wa miaka thelathini na tisa, kwetu ni Uhispania, upande wa kaskazini kwenye mvua nyingi, na huu ni mwaka wa nne nafundisha lugha hapa Uzbekistan, mjini Margilan. Kabla ya hapa nimeishi Laos, nikaishi Sri Lanka, nikaishi Nepal, na kote huko nyayo zikianza kuniwasha huwa naondoka, na siagi mtu, nasema naenda kutembea wiki mbili tu, mniwekee barua zangu, halafu ndiyo imetoka hiyo. Nepal niliacha ufunguo chini ya chungu cha maua na viatu vyangu vya mvua mlangoni, ili wenye nyumba wadhani nipo nipo. Naona aibu kuyaandika haya lakini ndivyo nilivyo.

Hapa nimepanga chumba kwa Opa Sanobar, mjane wa miaka sitini na tatu, mtaa mzima unamwita opa, dada mkubwa, nami nikafuata mkumbo. Mwanzoni nilikuwa kituko. Wiki ya kwanza walikuja wageni, nikataka kuonyesha adabu zangu, nikawajazia chai mabakuli yote pomoni, wakatazamana, wakanywa harakaharaka, wakavaa viatu wakaenda zao, na Opa akacheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, umewafukuza watu! Mgeni anatiliwa kidogo, aombe tena, na tena. Ukimjazia hivyo umemwambia kwaheri." Sokoni nikisimama kununua nyanya naulizwa kwanza nina miaka mingapi, mume yuko wapi, mbona sina mtoto, ndipo nipimiwe. Jirani yetu Tojiboy, dereva wa teksi, hajaacha kunitafutia mchumba tangu siku ile ya kwanza. "Mwalimu, binamu yangu ana ng'ombe sita na meno yake yote." Nilikuwa nakasirika, Mshauri, siku hizi asiponiambia la binamu naona labda anaumwa.

Shida yangu ni mkate. Wewe wa hapa huhitaji kuelezwa, lakini acha niseme nilivyofanyiwa. Kila likizo nasafiri, Bukhara, Khujand, popote, na kila nikitoka Opa ananisimamisha mlangoni na mkate wa moto, nang'ata mara moja tu, yeye anauchukua uliobaki anautundika kwenye msumari ukutani jikoni, unakaa pale kunisubiri mpaka nirudi niumalize kwa kuuchovya kwenye chai. Pembeni yake umetundikwa wa mwanawe Otabek, aliyekwenda Korea kufanya kazi kiwandani, huu ni mwaka wa tatu, mkate umekuwa mgumu kama kigae, na Zulhumor, mkewe, anaufuta vumbi kila Ijumaa kwa kitambaa safi. "Wa kwako hauwahi hata kukauka," Opa huniambia akiushusha. "Wewe ndiye mtoto wangu anayerudi." Maneno hayo ndiyo yanayoniua.

Sasa nimepata kazi Ulaanbaatar. Nimeitafuta mwenyewe, kwa siri, na hakuna mtu hapa aliyenikosea hata kidogo. Ni kwamba asubuhi moja niliamka nikiwa najua kila sauti itakayofuata, mlango wa gari la Tojiboy, ndoo ya Zulhumor, kikohozi cha Opa, zikaja zote, kila moja kwa zamu yake, nami badala ya kufurahi nikaogopa, moyo ukawa unanienda mbio kama ninayefukuzwa. Nimewaambia naenda kuona milima, wiki mbili. Opa ameshanunua unga.

Jana Zulhumor aliingia chumbani kwangu kufagia akakuta begi liko wazi. Ana miaka ishirini na saba lakini ulimi wake una miaka mia.

"Dada, wiki mbili gani hizi za makoti mawili?"

"Milimani kuna baridi," nikasema.

"Na vyeti vyako vya chuo navyo vinasikia baridi?"

Akaegemeza ufagio ukutani. "Hurudi wewe."

Akaniambia, polepole, macho yamemjaa machozi ya hasira: "Nisikilize. Ukiung'ata ule mkate huku unajua hurudi, atakayeufuta vumbi ni mimi, si wewe. Mmoja unanitosha. Mwambie mama mwenyewe, la sivyo nitamwambia mimi, Alhamisi, pale pale mlangoni, Tojiboy akisikia."

Mshauri, nimefikiria niondoke Jumatano Opa akiwa sokoni. Nimefikiria niseme jino linauma siwezi kung'ata. Nimefikiria ning'ate tu, halafu nimwandikie barua ndefu nikishafika. Nampenda yule mama, nakuapia, na siwezi kubaki, na siwezi kumtazama usoni nikamwambia. Nifanyeje? Tafadhali ficha jina langu, maana kila Jumatano Zulhumor humsomea Opa safu yako wakinywa chai, miwani yake Opa haimtoshi. Barua hii naileta mwenyewe ofisini kwenu leo, na namba yangu ya simu nimeiandika nyuma ya bahasha endapo utaihitaji.

Mgeni asiyetulia, Margilan

MSHAURI ANAJIBU

Mgeni usiyetulia, pole sana. Naitanguliza pole kwa sababu baada ya hapa sitakuwa nayo nyingi.

Kwanza tusidanganyane. Unaandikia gazeti unalojua linasomwa jikoni kwa yule mama siku moja kabla ya safari yako. Majina nimeyabadilisha, lakini hebu niambie, kwenye mtaa wenu kuna wageni wangapi wa Kihispania wanaong'atishwa mkate? Ulitaka nimwambie mimi, wewe uwe umejifungia chumbani unasikiliza. Kazi hiyo siifanyi, mwenzangu. Ndiyo maana jibu hili nimekusomea kwa simu leo Jumamosi, na gazetini litatoka Jumatano kama kawaida. Una Jumapili, Jumatatu na Jumanne. Siku tatu zinatosha kusema sentensi tatu.

Eti jino! Mwanamke mzima wa miaka thelathini na tisa! Na hilo la kutoroka Opa akiwa sokoni ndilo baya kuliko yote. Unajua atafanya nini akirudi na vitunguu vyake akute chumba kitupu? Atadhani amekukosea. Ataanza kujiuliza alisema neno gani, kama pilau ya Jumapili ilikuwa na mafuta mengi, kama alikuuliza mno habari za mume. Atamuuliza Tojiboy, atawauliza majirani, na kila mtu atampa sababu yake. Wale wa Nepal nao walijiuliza hivyo hivyo, na viatu vyako wakawa wanavikwepa mlangoni miezi mingapi, wewe hukuwepo kuona.

Umejifunza chai yetu, hongera, lakini mkate umeuelewa nusu. Unaufikiria wewe unayeondoka. Wewe utakuwa na barabara, kazi mpya, watu wapya wa kukucheka. Anayebaki ana ukuta, na akiwasha jiko anautazama, na kila akiutazama anakuombea. Zulhumor anajua, miaka mitatu anajua, ndiyo maana amekubana. Mshukuru yule binti. Alikuwa na uwezo wa kukuanika siku ile ile, akakupa wiki.

Kuondoka sikukatazi. Nyayo ni zako na maisha ni yako, na mtu aliyebaki mahali kwa kulazimishwa huwa mzigo kwa wenye nyumba. Mimi mwenyewe nilitoka kwetu Termez kwa machozi ya watu na sijajuta. Lakini woga wako si wa kubaki tu. Unaogopa pia kuonwa ukiondoka, na huo umekuwa ukiubeba nchi moja hadi nyingine, na usipoutua hapa utaupeleka Ulaanbaatar, utakaa nao miaka miwili, kisha utatafuta chungu kingine cha maua.

Sasa fanya hivi. Kesho Jumapili, Opa akishamaliza kula na kabla hajaingia kulala mchana, mfuate, kaa chini karibu yake. Mwambie: "Opa, nimepata kazi mbali. Nilikudanganya kuhusu milima. Naogopa kuaga." Ishia hapo. Usianze hadithi za moyo wako unavyokwenda mbio, hizo utamweleza siku nyingine akiuliza. Atalia, bila shaka. Huenda akakuita mnafiki, huenda akanyamaza, na akinyamaza itakuuma zaidi. Wewe kaa. Usiinuke kwenda kufunga begi, usishike simu, usijitie kuosha vyombo. Kaa pale mpaka yeye ainuke. Najua kwako hiyo ni kazi ngumu kuliko kupanda huo mlima wako wa uongo, na ndiyo kazi ninayokupa.

Alhamisi ikifika, la mkate ni lake kuamua. Asipouleta, usiuombe wala usinune, muage, muage na Zulhumor kwa jina lake, upande teksi. Akiuleta, ilhali yote anayajua, basi ung'ate, tena ung'ate sawasawa, siyo kwa ncha ya jino kama unaonja chumvi. Akikuuliza utarudi lini, usimtajie mwezi wala mwaka ili umtulize. Mwambie hujui. Halafu mpigie simu Jumapili ya kwanza utakayokuwa kule, asubuhi, kabla hajaanza kusubiri.

Mavjuda