Picha za Baba na Jibu Ambalo Hukulitoa

Mbaga, Same
12 Mei 2024

Kaka Vitus,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi Blandina na watoto ni wazima hapo Kisiwani, na mifugo imepata malisho. Sisi huku mlimani hatujambo. Mama goti limepoa, na maharage yametoa maua.

Unamkumbuka Koleta, mwalimu mwenzangu wa historia. Miaka mitatu tulizunguka pamoja tukiwahoji wazee kuhusu ndiva, yale mabwawa ya kumwagilia mashamba. Mimi nilichoka, yeye akaendelea. Januari aliniambia kuna tovuti imekubali kuchapisha utafiti wake, ila picha alizopiga Baba ndiva yetu ikijengwa upya haziwezi kuwekwa bila idhini ya maandishi. Kwa kuwa Baba alikuachia wewe hizo picha, Koleta alikuandikia barua ya kukuomba, akanipa mimi niifikishe.

Utafiti umetoka mwezi uliopita. Mkuu wa shule alimsimamisha mbele ya wanafunzi, wakampigia makofi. Nami nikapiga, kaka. Sauti za wazee wale si nilizirekodi mimi, kwa simu yangu?

Nikaufungua nikitafuta alikoliacha jina langu, nipate cha kumlaumu. Sikupata. Kila alipotumia maneno ya mzee, ameandika chini kwamba aliyemhoji ni Beatha Wilbard. Penye picha ameacha nafasi, akaeleza kuwa familia haikutoa idhini naye anaheshimu uamuzi wake.

Mama aliomba aone. Akatazama mpaka mwisho, akaniuliza, "Mbona picha za baba yenu hazimo?" Nikamjibu mtandao unasumbua.

Kaka, ile barua sikukuletea. Nilimwambia Koleta umekataa. Alipoomba jibu la maandishi, nililiandika mwenyewe nikatia jina lako. Ni wivu. Nilitaka kazi yake iwe na pengo.

Jana nimemweleza yote. Alisema kunisamehe kutasubiri. Kwanza anataka jibu lako la kweli. Barua yake naiambatanisha, haijafunguliwa, namba yake ya simu iko nyuma ya bahasha. Ukubali au ukatae, mjibu wewe, usipitie kwangu. Mama nitamwambia Jumapili ijayo tukitoka misani. Usinisaidie kumtuliza.

Nisalimie wifi na watoto. Ukinikasirikia, una haki.

Ni mimi mdogo wako, niliyetumia jina lako bila ruhusa,
Beatha