Viti Tisini na Nane

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Najua barua njema huanza na salamu ndefu, lakini nikianza nazo nitajificha humo humo mpaka karatasi iishe. Kwa hiyo natanguliza jambo ambalo sijamwambia mtu mwingine yeyote: nimehesabu watu kwa uongo, na kwa sababu ya hesabu yangu, mahali wanapopatia riziki kina mama kadhaa patavunjwa Jumatatu.

Sasa nikuulize hali. Goti linaendeleaje? Bado unapanda ngazi huku unazitukana moja moja? Mimi mwilini ni mzima. Chumba chetu kina dirisha moja linalotazama ukuta, na msichana ninayeishi naye anakoroma kama mashine ya kusaga, ila nimezoea.

Bila shaka Mama amekwisha kukueleza kazi yangu, na bila shaka ameongeza chumvi. Ukweli ni kwamba huu ni mpango wa manispaa wa mwaka mmoja. Tulichukuliwa vijana kumi na wawili, karibu wote wana shahada. Mimi ndiye niliyetoka shule juzi tu. Kila mmoja alipewa mtaa wake, awasikilize wakazi, aandike wanayosema na kuyafikisha ofisini. Mratibu wetu, mama mpole anayevaa miwani yenye kamba shingoni, alituambia siku ya kwanza kwamba sisi ni masikio ya jiji. Nilifurahi sana, Shangazi. Niliona sikio ni kiungo kinachonifaa, maana halitakiwi kusema. Wewe mwenyewe ulishasema kwamba hata nikimezwa na mamba nitamwomba radhi kwanza kwa kumsumbua.

Katika mtaa wangu kuna mahali pa kufulia: paa la bati, mabomba sita na masinki ya saruji yaliyolainika kwa kusuguliwa miaka mingi. Kina mama hufua hapo nguo za watu na kulisha watoto wao. Mkubwa wao anaitwa Mama Povu. Siku yangu ya kwanza nilisimama pembeni na daftari langu nisijue pa kuanzia, akasema nimekaa kama nguo iliyosahauliwa kambani. Akanipa ncha ya shuka lililolowa, yeye akashika ncha nyingine, tukakamua. Alisema mtu hawezi kuona haya akiwa ameshika shuka na mwenzake. Ni kweli. Siku hiyo niliandika kurasa tisa.

Baadaye ofisi ikaleta wazo la kupavunja mahali hapo ili pajengwe ukumbi wa kusomea. Ikaamuliwa wakazi waitwe kwenye mkutano wachague wenyewe. Mimi nikapewa kazi mbili, kupanga viti na kuhesabu kura.

Viti vya ukumbi wa mtaa viko stoo, na ufunguo anao mlinzi ambaye watu wanamwita Bwana Subiri, kwa kuwa ndilo jibu lake kwa kila swali. Alinifungulia mara moja tu. Nilibeba viti tisini na nane. Nilivihesabu kwa sababu nikiwa na hofu huwa nahesabu kila kitu. Vingine kama thelathini vilikuwa nyuma ya mbao, na kabla sijavifikia alifunga, akaenda chumbani kwake kunywa chai. Watu walipoanza kujaa nilikwenda mlangoni pake, nikainua mkono nibishe. Nikamsikia akiigombeza redio yake. Nikashusha mkono, nikarudi.

Kina mama wa kufua walifika mwisho, baada ya kuanika. Viti vyote vilikuwa vimejaa, wakasimama nyuma, wameegemea ukuta. Mawingu yalikuwa yametanda na diwani alikuwa na haraka. Akatangaza kwamba wanaoutaka ukumbi wa kusomea wasimame, wasioutaka wabaki wamekaa, na huyu binti atahesabu. Mama Povu akapaza sauti kule nyuma akiuliza wao wakae wapi, mapajani kwa diwani? Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Diwani naye akacheka, akasema Mama Povu hakosi neno, kisha akaniashiria nianze.

Nikapita na kalamu yangu. Waliokaa walikuwa hamsini na wawili. Waliosimama katikati ya viti, arobaini na sita. Nikafika nyuma. Pale ukutani walikuwa kumi na watatu, na Mama Povu alikuwa anajifuta mikono kwenye aproni. Mvua ikaanza kupiga bati, nao wakatoka mbio kwenda kuanua nguo za watu. Hawakuwepo karatasi yangu iliposomwa: waliosimama, hamsini na tisa. Watu wakapiga makofi, wakatawanyika.

Tangazo lilibandikwa siku ya tatu. Mama Povu haoni vizuri herufi ndogo, akaniomba nimsomee. Nilisoma mpaka mwisho, sijui kwa sauti ya nani. Akauliza wamezidiwa kwa wangapi. Nikamwambia saba. Akasema saba si haba, wengi wape. Wenzake wakaanza kunung'unika, yeye akawanyamazisha, akasema afadhali aliyehesabu ni huyu mwanetu, maana diwani angehesabu na nguzo. Wakacheka kidogo. Halafu akanipa ncha ya shuka, tukakamua, na mimi sikumtazama usoni.

Wamekubali, Shangazi. Wamekubali kwa sababu wananiamini.

Hapa nilitaka kuishia, nikuache uamini kwamba ni aibu yangu ile ya siku zote. Hata mimi nilijidanganya hivyo kwa siku kadhaa. Lakini nilipofika pale ukutani nilikuwa najua. Nilijua nilibeba viti vingapi, na nilijua wale hawakusimama kwa kukubali. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu lilikuwa limeshafika mdomoni. Nililimeza mwenyewe. Niliutaka ule ukumbi. Unakumbuka nilivyokuwa nasomea kwenye ngazi za nyuma, watu wakiniruka na ndoo zao? Katika barua yangu ya kuomba nafasi hii niliandika kwamba ndoto yangu ni watoto wapate mahali tulivu pa kusomea. Nilimwangalia Mama Povu, nikaufikiria ukumbi wangu, nikaandika kumi na tatu. Aibu ilinizuia kubisha mlango wa Bwana Subiri, ndiyo. Lakini ile kumi na tatu sikuandikiwa na aibu.

Kesho saa nne kuna mkutano mwingine, wa diwani kuonyesha mchoro wa jengo. Mratibu alishatueleza kwamba atakayeharibu kumbukumbu za wakazi atarudishwa kwao siku hiyo hiyo. Kwa hiyo huenda nikafika nyumbani kabla Mama hajaniandikia barua nyingine.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Bwana Subiri, nikabisha. Akasema nisubiri. Nikamwambia nimesubiri vya kutosha. Alinitazama kama aliyesikia kiti kikiongea, akatoa ufunguo. Nimepanga viti vyote, hata vya nyuma ya mbao: mia moja na ishirini na tisa. Safu ya mwisho nimeigusisha ukutani kabisa, na Mama Povu ameniahidi kwamba watakuja kabla ya kuanika. Sikumwambia kwa nini. Kesho kila mtu atakuwa amekaa, nitakayesimama ni mimi peke yangu.

Nisalimie mjomba na wadogo zangu wote. Lakini Mama usimwambie kitu, nakusihi, hata akikuonyesha tena ile barua ya manispaa aliyoitundika sebuleni. Na Baba pia usimwambie. Nitunzie siri hii mpaka nitakapoingia mlangoni na kuisema kwa mdomo wangu.

Ni mimi mwanao,
Yule wa mamba