Kitenge Nilichotuzwa Ipogolo

Jumapili. Manyunyu tangu asubuhi, na ile baridi ya Iringa inayoingia mpaka kwenye meno. Kanisani sijaenda. Sitaki kuonana na mtu.

Jana ilikuwa kitchen party ya mdogo wangu, Ipogolo. Yeye mwenyewe aliniomba nicheze. Miaka miwili sasa najifunza burlesque chumbani kwangu, mbele ya kioo: dansi ya madaha ya wanawake wa zamani wa Ulaya, ambamo glavu moja tu huweza kuvuliwa kwa dakika nzima, kwa utani na kurembua macho. Mama alikuwa hajawahi kuniona nikicheza. Nilitaka anione mara moja, mbele za watu, halafu aseme huyu ni wangu.

Nikajipamba. Nywele za mawimbi, mdomo mwekundu, glavu mpaka kwenye viwiko, na gauni langu la satini la mitumba, lenye mikanda myembamba mabegani. Nilipendeza, nasema bila aibu.

Glavu ya kwanza ukumbi ulicheka vizuri. Ya pili ilikuwa imevuka nusu, shangazi akainuka na kitenge mkononi, anakuja kwangu anacheza. Huku kwetu anayecheza vizuri hutuzwa kitenge, anafungwa palepale. Vigelegele vikapanda. Machozi ya furaha yakanitoka, mjinga mimi.

Shangazi akanizungushia kitenge, akakaza fundo chini ya shingo, akaninong'oneza, "Mwanangu, umesahau gauni. Umetoka na shimizi. Mama yako ndo kaniambia."

Shimizi!

Nikamaliza wimbo nimefungwa kama mgonjwa, natabasamu. Ukumbi mzima ulidhani nimetuzwa.

Shangazi simlaumu, macho yake hayaoni vizuri na aliambiwa. Nilipofika kwangu ndipo nilipokitazama kitenge. Ni cha mama, kile cha bluu alichokuwa amejifunga kiunoni, kinanukia mafuta yake.

Na mama anajua si shimizi. Jana asubuhi gauni hilo nililipiga pasi nyumbani kwake. Alilishika, akasema gauni hili laini kweli. Alisema gauni.

Nina hasira naye, na nina aibu kuwa na hasira na mama yangu.

Leo amepiga simu baada ya ibada. Akanipongeza kwa kutuzwa, akasema watu wote wamefurahi. Nikamjibu, asante mama.

Kwa nini nilimjibu asante?