Nilivyoisonga Dawa ya Rangi

Jumamosi. Hapa Kirumba ni manyunyu tangu asubuhi, na mimi nimenuna kuliko mawingu.

Shajara, usinicheke kabla sijamaliza.

Unajua karakana yetu ya rangi haina kichwa kama changu. Shule niliiacha kidato cha pili, ikabaki inanililia. Leo Dada Kulwa, mwenye karakana, kanipa mtihani: nipike peke yangu ile dawa inayotawanya unga wa rangi kwenye maji, usishikane ukazama. Ikitoka safi, Jumatatu naitwa mpishi. Isipotoka, naendelea kuosha ndoo.

Akaacha maji ya moto kwenye pipa, nyuzi themanini. "Asidi idondoke tone kwa tone, na kichocheo kidondoke nayo. Usiharakishe, Masanja." Akaenda zake Nyamagana.

Tone kwa tone! Mimi Msukuma, nimelelewa kwa ugali. Maji yakichemka unamwaga unga, unasonga kiume, watu wanakula. Nani anadondosha unga punje punje?

Nikafungua koki ya asidi yote, kichocheo nikakiacha kikidondoka.

Nikawa najisifu kwa sauti. Ghafla kipimajoto kikaanza kupanda chenyewe, na moto nilishauzima! Mvuke ukanitimua hadi nje, macho yanawaka. Kurudi, nakuta mwiko wa kukorogea umesimama wima katikati ya pipa, haushikwi na mtu.

Dada Kulwa akaingia, akachungulia.

"Huu unaliwa na mboga gani?"

"Sato, dada."

Hakucheka. Nikajichekea kidogo, nikaacha.

Akamega kipande, akakiyeyusha kwa tabu kwenye glasi ya maji, akatia unga mweupe wa rangi. Ukashikana mabonge, ukazama. Glasi ya pili akatia dawa aliyoipika yeye: unga ukaenea kama maziwa.

"Asidi ikikizidi kasi kichocheo, minyororo inayounda dawa inarefuka mno," akasema. "Mifupi hutawanya chembe za rangi. Mirefu huzifunga pamoja. Na ukimwaga kwa mkupuo, inajipasha moto yenyewe."

Nimeelewa. Ila sijamwambia kwamba nimeelewa, asije akavimba kichwa.

Upishi wa Jumatatu basi. Hukumu: nilikwangue pipa, likitakata ndipo nijaribu tena.

Nimekwangua mchana kutwa kwa fujo zangu zote. Kimetoka kipande cha ukubwa wa kiganja, na kisu kimevunjika.

Hivi, hata kukwangua nako ni tone kwa tone?