Kifuniko Kinachobisha Hodi

Kamuli, Kyerwa
17 Julai 2024

Mpendwa Edgar,

Wengi hudhani kwamba plastiki mbili zikiyeyuka katika pipa moja zimekuwa kitu kimoja. Nisamehe kulitanguliza hilo. Shikamoo yako niliipokea, marahaba, mwanangu. Hamjambo huko Mwanza? Mjukuu wangu Vero amepona kikohozi? Sisi tu wazima, ila magoti yangu.

Simu yako haipatikani tangu Jumapili, ndiyo maana nampa jirani yetu Nolasco, anayesafiri kuja huko, barua hii akukabidhi mkononi.

Unakumbuka vipande viwili vya kifuniko cha kisima chetu cha maji ya mvua, ulivyotutengenezea Krismasi kwa kuyeyusha madumu na viroba vya mbolea? Cha kwanza kilitoka safi. Cha pili, kikiwa bado uji wa moto, kilimwagikiwa masizi ya paa la jiko, ukamtania shangazi yako Kokwijuka kwamba amekiunguza kama maharage.

Tangu kiangazi kianze, kila jua likizama, kile safi hugonga kutoka chini. Mara tatu, kimya, mara tatu tena. Kisima ni kikavu. Shangazi yako huacha kumenya ndizi na kuitikia, “Karibu.” Nilimcheka. Akasema, “Cheka tu, mwalimu. Huyo aliye chini hana haraka.”

Juzi mbuzi alikikanyaga kile safi, kikavunjika, akatumbukia kisimani. Tulimtoa amekufa.

Niliokota kipande, kilibanduka tabaka kwa tabaka kama shina la mgomba. Plastiki ya dumu na ya kiroba hazipatani. Zikiwa moto, matone ya moja hutafutana ndani ya nyingine, yakaungana, yakakua. Zikiganda, mpaka kati yao ni dhaifu. Joto la mchana na baridi ya jioni huuachanisha, nao hulia. Masizi yana chembe ndogo mno, hata darubini ya shule isingezionyesha. Nadhani zilikaa mpakani, zikazuia matone yasiungane. Si kila vumbi lingefanya hivyo. Kama lingezama ndani ya plastiki moja tu, lisingesaidia. Lakini kipande cha masizi kiko kimya mpaka leo.

Mabaki ya ukingoni bado yanabisha. Sababu naijua, na hata hivyo nimehamisha kiti changu.

Mwezi uliopita uliniandikia kwamba umefunika kisima chako kwa mchanganyiko ule ule, safi, usio na masizi, na Vero hukaa juu yake akirusha vijiwe vyake vya mdako. Ukasema anaye rafiki anayemgongea jioni kutoka chini. Uliliandika kama kichekesho.

Msalimie mkeo Sperancia. Shangazi yako anawasalimu. Mungu aweke mikono yake chini ya nyayo zenu.

Wako akupendaye,
Baba mdogo Anatory

Leo hii uisomapo barua hii, kabla jua halijazama, funika kisima hicho kwa mbao nene.