Uso wa Kiprono kwa Chaki

Mama mpendwa,

Nilifika Nakuru salama, na vidole vyangu bado vina rangi ninapokuandikia. Leo nilienda dukani kutafuta rangi za kumchora marehemu Kiprono kwenye simiti ya kando ya barabara, pale alipokuwa akishona viatu.

Mwenye duka aliniambia, "Chukua hizi kalamu za rangi, pasteli za mafuta, dada. Chaki mvua inaiosha mara moja."

Nilizijaribu zote kwenye karatasi, lakini hakuna iliyofanana na ngozi ya kaka yangu. Mwishowe nilinunua chaki ya kahawia na ya rangi ya machungwa, nikazichanganya kwa kidole pale kwenye simiti hadi akatokea.

Nilipokuwa namalizia macho, mama mmoja muuza mboga alisimama. "Huyu si fundi wetu?"

"Ndiye. Ni kaka yangu."

Manyunyu yalipoanza, alifungua mwavuli wake akaukinga uso wa Kiprono, yeye mwenyewe akilowa. Tulisimama hivyo hadi mvua ikapita.

Huku anakumbukwa, Mama. Vaa sweta asubuhi, na unisalimie Baba na wote hapo Kuresoi.

Binti yako,
Chebet